Adapta Niliyoitupa Chooni

Mumbua,

Salamu tutapeana kesho, kama bado utataka kunisalimia. Hapa kwenye karatasi acha nikasirike kwanza. Nimekaa studio tangu saa saba, nimefunga mlango nusu ili wateja wadhani sipo, na wewe uko Kola kumuaga susu wako, mama yangu. Nina mchana wote wa kuandika bila wewe kuniinulia nyusi.

Sitakuambia ule nini wala ujifunike vipi na baridi ya Eldoret. Mke wangu Ndanu ameshakuambia hayo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia, kwa hiyo mimi siongezi. Nataka tuzungumze habari ya adapta yako. Ndiyo, ni mimi niliyeitoa kwenye begi. Usiendelee kuitafuta chini ya kitanda. Nimeitupa chooni, kile choo cha shimo nyuma ya nyumba, na sijutii. Kama zingekuwa mbili ningetupa zote mbili.

Najua, najua, hasira ni hasara. Nyamaza kidogo usome.

Juzi uliileta hapa studio, ukaiweka mezani kwangu, ukaanza kunieleza kwa ile sauti ambayo manesi huwa nayo wakiongea na wazee.

"Baba, hii kamera yangu mpya haina kioo ndani. Mdomo wake si kama wa zako. Lenzi zako haziwezi ingia hivi hivi. Sasa hii adapta inakaa hapa katikati, lenzi inaingia, mambo kwisha."

"Inaingia," nikasema.

"Si nimekuonyesha ikiingia?"

"Na pini ziko wapi? Zile za shaba?"

"Hii haina. Ile iko na pini ni ya bei. Mimi nitazungusha fokasi na mkono. Kwani wewe kitambo hukuwa unazungusha na mkono?"

Nilipokuambia uirudishe ulikotoa, ulicheka. Ukasema kila mzee wa picha ana kitu anachokiogopa, wengine kompyuta, mimi kipete cha chuma. "Baba, si hii ni kitu ndogo tu!" Nikapiga meza. Ukachukua kipete chako ukatoka, na tangu siku hiyo tunasalimiana kama majirani waliogombania mpaka.

Nilipiga meza kwa sababu nilikijua kipete kile. Nilishawahi kuwa na ndugu yake. Kinang'aa ndani kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga, hakina pini hata moja, na ukikifunga kwenye kamera, lenzi inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kabla sijakuambia nilikiona wapi, nikupe kwanza yale ya ufundi, maana hata ukinichukia baada ya barua hii bado Jumamosi una kazi.

Lenzi yangu ndefu, hiyo unayoitaka kuliko zote, haina namba za kufungulia mboni yake, lile tundu la kupitishia mwanga, kwa mkono. Inafunguliwa na kamera, kwa umeme, kupitia zile pini. Ukiivalisha adapta isiyo na pini umeikata ulimi. Mboni inabaki wazi kabisa na fokasi haijishiki yenyewe. Na lenzi ndefu ikiwa wazi hivyo, kinachotoka safi kwenye picha ni sehemu nyembamba tu, kama upana wa kiganja. Ukishika pua, masikio yamekwenda. Ukishika bibi harusi, bwana harusi ni moshi. Hiyo ndiyo uliyotaka kwenda nayo kwenye harusi ya kwanza utakayopiga huko Eldoret, mbele ya mwajiri ambaye hajakujua hata siku mbili, kwa sababu muuzaji alikuambia inaingia. Kila kitu kinaingia, Mumbua. Hata mguu wa kushoto unaingia kiatu cha kulia, ni vile tu hutafika mbali.

Lakini huyo muuzaji sina ugomvi naye mkubwa. Ugomvi wangu ni na mtu mwingine, na nimemwona asubuhi ya leo nikinyoa ndevu.

Wewe unajua ulikotoka. Sijawahi kukuficha kwamba ulizaliwa na dada yangu Syombua, na kwamba ulikuja kwetu hapa Mumbuni ukiwa na miaka kumi na miwili, wiki ile ile tuliyomzika. Unajua baba yako Musyoka alimtangulia. Unajua ndugu za baba yako kule Kivaa walikataa mama yako azikwe kwao, wakisema hakuwa mke wa mtu, na ndiyo maana amelala Kola kwa baba yetu, kama msichana ambaye hakuolewa. Hayo unayajua kwa sababu watu wote wanayajua. Usilolijua ni sehemu yangu.

Mama yako na Musyoka waliishi pamoja miaka mingi bila ntheo. Ulizaliwa, ukaanza shule, ukafika darasa la tano, na mbuzi walikuwa bado hawajafika Kola. Unatujua sisi Wakamba. Mnaweza kwenda kanisani, mkapewa cheti, mkakata keki na kulishana, lakini mbuzi wa ntheo wasipofikishwa kwa kina msichana, wazee watakuambia hapo hakuna ndoa, kuna urafiki tu. Susu wako alilisema hilo kila Jumapili mpaka tukaacha kula naye. Mwishowe Musyoka alijipanga, akaja Kola na watu wake, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, Mutinda. Ulikuwepo. Ulikuwa umevaa sweta yako ya kijani ya shule kwa sababu ulikataa gauni uliloshonewa.

Wa picha nilikuwa mimi. Nani mwingine? Wakati huo mji wote uliniita Kioko Picha, na Jumamosi yangu ilikuwa imeshikwa miezi mbele. Na mwezi huo nilikuwa nimenunua kamera isiyo na kioo ndani, mkononi mwa mtu, ya kwanza kwa wapiga picha wa hapa mjini, au ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni na ilikuja bila lenzi. Nikatafuta adapta ya kuivalisha lenzi yangu ndefu. Fundi niliyemwamini aliniambia, "Kioko, ngoja. Ile iko na pini inakuja. Hii ingine itakusumbua." Nikaona kungoja ni kwa watu wasio na haraka. Nikachukua kipete kitupu nikaenda nacho Kola.

Na kamera yangu ya zamani, ambayo ilikuwa imewapiga watu harusi miaka yote bila kunitia aibu hata siku moja, niliiacha hapa studio, kwenye droo. Sikuisahau. Niliiacha. Sikutaka wakwe wanione nimeshika kitu cha zamani. Ndoa ya dada yangu wa pekee, jambo ambalo familia ilikuwa ikilingoja miaka kumi na zaidi, na mimi nilikuwa nafikiria nitaonekanaje nikiwa nimesimama na kamera mpya. Nikiandika hivi natamani ningekuwa na mkono mrefu wa kumfikia yule kijana mjinga nimzabe kofi.

Jua lilikuwa la saa saba. Kamera ile haikuwa na mahali pa kuchungulia, ilikuwa na kioo cha nyuma tu, na jua lilikuwa limekifuta kabisa. Nilikuwa naona uso wangu mwenyewe. Nikasimama mbali, kama wale wanaopiga mpira wa televisheni, ili lenzi ndefu ipate kuonekana. Nikazungusha kwa kubahatisha, na kila nikizungusha kipete kinacheza, na kila kikicheza nilichokuwa nimekishika kinaponyoka. Mutinda alikuja mbele na kamba ya yule mbuzi dume, akamkabidhi baba yangu mkononi, wanawake wakapiga vigelegele. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Mama yako akaja pale nilipokuwa, anacheka, machozi yamemjaa.

"Kioko, umewashika wote? Hata shemeji Mutinda?"

"Nimewashika wote, mwanaa-mwaitu."

Mtoto wa mama yangu, nilimwita, nikimdanganya bila hata kuangalia.

Nilipozifungua picha kwenye kompyuta niliona ukungu. Watu walikuwa madoa ya rangi. Wewe ulikuwa doa la kijani karibu na mlango wa jikoni. Nilizipitia haraka haraka kama mtu anayepita karibu na mdai wake, nikazifunga, nikaitupa ile kadi ya kamera ndani ya droo. Mama yako aliniuliza habari ya picha mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nina kazi nyingi. Mara ya pili kompyuta ilikuwa kwa fundi. Mara ya tatu nilimkasirikia, nikamwambia kwani yeye anadhani mimi sina wateja wengine. Hakuuliza tena, na kabla mwaka haujaisha Musyoka akafa barabarani.

Unakumbuka mlivyobaki wawili kwenye shamba lile la Kivaa. Mutinda alianza na mpaka, akaja kwa mahindi, akaja kwa mlango wenyewe. Halafu mama yako akaugua, na hakuugua muda mrefu.

Maiti ikiwa bado iko mochari, tuliitwa ofisi ya chifu huko Kivaa, wazee wao upande mmoja na wazee wetu upande mwingine. Mutinda alisimama kofia mkononi, mnyenyekevu kama shemasi.

"Huyu mama alikuwa rafiki ya ndugu yetu," akasema. "Tunamheshimu, hatuna ubaya na yeye. Lakini ntheo hatujawahi peleka. Mimi ndio mkubwa kwa hiyo boma, ingeenda bila mimi? Huko Kola mimi sijawahi kanyaga."

Hajawahi kukanyaga! Mtu niliyemwona kwa macho yangu akila nyama na kupangusa mikono kwenye majani ya baba yangu. Wazee wetu wakasema alikuja. Wao wakasema hakuja. Ikawa neno kwa neno, mpaka mwenyekiti wa kikao, mzee ambaye nilikuwa nimempigia picha harusi ya binti yake, akanigeukia.

"Kioko, si wewe ndio mtu wa picha? Leta picha tuone, tumalize hii maneno."

Kila mtu akaniangalia. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Picha ziko, hazikutoka vizuri, nipeni siku moja nizilete. Basi. Lakini nilijiona nimesimama pale, Kioko Picha, watu wanapokezana ukungu na kuuliza huyu ndiye tunayemwita kwenye harusi zetu. Nikafungua mdomo nikasema, "Kadi iliharibika. Hakuna picha."

Mutinda akavaa kofia yake. "Hata kamera yao imekataa kusema uongo," akasema, na watu wakacheka, hata chifu. Na mimi, mpumbavu wa kupindukia, nikaona afadhali kicheko hicho kuliko kile kingine.

Tukamrudisha mama yako Kola. Pale kaburini ulinishika koti kwa nyuma ukaniuliza, "Mjomba, kwani tumefukuzwa?" Nilijifanya sikukusikia. Uliuliza mara moja tu, na ni swali ambalo nimekuwa nikilisikia kila ukinyamaza mezani.

Sasa hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa hiyo usiruke.

Wiki chache baada ya mazishi niliitoa ile kadi kwenye droo ili nizifute zile picha, nisiwe nazo tena. Nikasema nizitazame moja moja mara ya mwisho, na safari hii nikazikuza. Iko moja. Uso wa Mutinda ni ukungu, kofia ni ukungu, baba yangu ni ukungu, lakini fokasi, ambayo sikuilenga mimi, ilikuwa imeangukia kwenye kamba. Mkono ulioishika kamba ni safi kabisa. Na unajua Mutinda alikatwa kidole cha shahada na mashine ya mkonge akiwa kijana, kikabaki kipande. Kivaa nzima inakijua kidole hicho, watoto wanakiogopa. Kipo kwenye picha, na kovu lake, kikimkabidhi baba yangu mbuzi wa ntheo.

Usinielewe vibaya, siisifu ile adapta. Ingekuwa nzuri ningekuwa na uso wake mzima, na meno yake akicheka. Lakini kidole kilitosha. Mwenyekiti angekitambua kabla hajavaa miwani.

Ningeweza kupeleka picha hiyo Kivaa kesho yake. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikajiambia maiti haifukuliwi kwa sababu ya kidole. Nikajiambia nitasema nini kuhusu ile kadi niliyoapa imeharibika. Hizo zote zilikuwa sababu za uongo, nilizijua hata nikizisema. Sababu ya kweli ilikuja siku chache baadaye, alasiri, ukitoka shule. Ulisimama mlangoni hapa studio, mkoba begani, nikiwa na mteja, ukasema, "Baba, niko na njaa."

Mimi na Ndanu tulikuwa tumeoana miaka mingi na nyumba yetu ilikuwa kimya. Wewe unajua hilo pia. Nilimwacha mteja amekaa kwenye kiti, nikakutafutia chapati na maharagwe, na nikiwa nimesimama pale nakutazama ukila nilipiga hesabu yangu. Picha hii ikifika Kivaa, wewe ni mtoto wa Musyoka wa halali, una boma, una shamba, una watu. Watasema arudi kwao. Nikarudisha kadi kwenye droo. Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, nikapata mtoto.

Nilikuiba, Mumbua. Nimetafuta neno laini zaidi mchana wote na silipati. Mutinda alikunyang'anya shamba na mama yako kaburi, na mimi, niliyekuwa na dawa yake ndani ya droo, nilimwacha kwa sababu ilinifaa. Miaka yote hii nimemtukana Mutinda mbele yako. Kila mvua ikinyesha nilisema yule mwizi sasa analima shamba la baba yako. Ulinisikia ukadhani nina uchungu kwa niaba yako. Nilikuwa nao, lakini pia nilikuwa napiga kelele ili nisijisikie mwenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita shule ya msingi, sekondari na chuo, na nimekuwa nikikulipia kila muhula nikijiona mtu mwema.

Kwa hiyo ulipoweka kile kipete mezani ukaniambia ni kitu kidogo, hukujua ulikuwa unamwambia nani.

Jana Ndanu alinikuta nikitoka chooni na hasira zangu.

"Umetupa nini huko?"

"Adapta ya Mumbua."

"Ya nini sasa, Kioko? Mtoto anaenda kesho kutwa!"

Nikamwambia. Yote, kutoka Kola mpaka Kivaa mpaka droo. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa bado ameshika sufuria aliyokuja kumwagia maji. Hakupiga kelele. Nilitamani apige. "Miaka yote hii," akasema, "nimemchukia Mutinda peke yake." Halafu akainuka. "Mwambie kabla hajapanda gari. Ukishindwa nitamwambia mimi, na mimi sitajua pa kuanzia." Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Basi nimekuambia. Sasa turudi kwenye kazi kidogo, maana hasira yangu haiwezi kukupigia harusi Jumamosi.

Mahali pa ile niliyoitupa nimeweka adapta nyingine, ya wale wale waliotengeneza kamera yako, yenye pini zote. Nimeijaribu leo asubuhi kwenye kamera yako, samahani kwa kuishika bila ruhusa. Haichezi hata ukiitikisa. Ndani ni nyeusi isiyong'aa, hilo uwe unaliangalia, maana ikiwa inang'aa mwanga unaruka humo na picha inakuwa na maziwa. Nikailenga miti iliyo juu kabisa ya vilima vya Iveti, nikaishika. Adapta iliyokatwa vibaya haifiki huko, itakuonyesha mlango wa jirani tu. Lenzi fupi ina mota yake ndani, itashika fokasi bila shida. Ile ndefu pia, lakini ni nzito, kwa hiyo ukiiweka kwenye stendi ifunge kwa mguu wake yenyewe, usiifunge kwa kamera, la sivyo uzito wote utaning'inia kwenye adapta. Na ile lenzi ya zamani ya filamu, ya kuskrubu, ina namba zake za mboni kwa nje na inazungushwa kwa mkono tangu ilipozaliwa. Hiyo haihitaji pini. Kipete rahisi kinaitosha, nimekuwekea kimoja kilichokaza. Unaona? Sichukii vipete vyote. Nachukia mtu kuchukua kisichofaa huku anajua, kwa sababu hataki kungoja au kwa sababu anataka kuonekana.

Zijaribu zote Ijumaa, si Jumamosi kanisani. Na kamera yangu ya zamani uende nayo, uiweke begini imechajiwa, hata kama wenzako wa Eldoret watakucheka.

Na utaharibu kazi. Kila mtu wa picha huharibu, anayekuambia hajaharibu hajafanya kazi. Siku hiyo ukiharibu, waonyeshe ulichonacho siku hiyo hiyo, kikiwa kibaya vile vile. Watakufokea, utalia, kesho utaamka. Mimi nilikwepa kufokewa na mzee mmoja kwa nusu saa, na angalia tulipofika.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi yenyewe, na picha ya ule mkono nimeichapa kubwa, mara mbili, isije moja ikapotea. Kuna karatasi niliyoandika kwamba picha zilikuwepo, kwamba nilidanganya mbele ya chifu na wazee, na nimetia sahihi kwa jina langu lote. Ndanu ametia sahihi kama shahidi. Bila kunitazama, lakini ametia.

Mutinda yuko hai. Mwenyekiti wa siku ile pia yuko hai, anatembea na fimbo lakini akili iko sawa. Jumatatu nitakwenda Kivaa, niwe nimesamehewa au la, niseme mbele ya wale wale waliocheka. Sitangoja unipe ruhusa kwa hilo, nimengoja vya kutosha. Yanayofuata ni yako. Ukitaka shamba la baba yako, tutalidai. Ukitaka mama yako ahamishwe alale kando ya mume wake, nitashika jembe mwenyewe, hata susu wako akinilaani. Ukitaka alale alipo, atalala. Na ukitaka kuniita mjomba kuanzia leo, nitaitika.

Barua hii nitakupa mkononi jioni ukirudi kutoka Kola, wala sitakuwekea begini uisome ukiwa mbali. Ukiwa na la kunitukana nitukane tukiangaliana. Nitakaa pale pale sebuleni mpaka umalize kusoma, hata kama ni hadi asubuhi.

Jambo moja tu nakuomba ulishike, hata kama yangu mengine yote utayatupa. Watu wa huko uendako watakuuliza wewe ni wa nani, kama watu wanavyouliza. Umezoea kusema wa Kioko. Waambie wewe ni mtoto wa Musyoka wa Kivaa na mke wake Syombua. Mke wake, Mumbua. Mbuzi walifika, watu waliona, vigelegele vilipigwa. Dada yangu aliolewa, na picha nilikuwa nayo mimi.

Kioko